Umesema sawa, seli imeandika kingine: kutafuta kosa unapoandika kwa sauti kwenye lahajedwali

Wanaoandika kwa sauti kwenye Excel au Google Sheets huwa na lalamiko moja: "Programu hii hainisikii." Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwa makarani wa vikundi vya wavuvi, wahasibu wa vyama na ofisi ndogo za hapa Kisumu na viunga vyake, mara nyingi naona programu imesikia vizuri kabisa, na kazi imeharibikia ndani ya seli. Lahajedwali ina tabia zake. Inakisia kama ulichoandika ni tarehe, nambari au fomula. Inakukamilishia neno kabla hujalimaliza. Inafuta kilichokuwepo bila kukuuliza. Anayeandika kwa vidole huyaona haya yakitokea na kuyazuia papo hapo. Anayesema huwa anatazama karatasi aliyoishika, na akija kuinua macho mistari kumi imeshaharibika.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaohitaji sauti kweli: mwenye maumivu ya kifundo cha mkono, mwenye macho hafifu, aliyevunjika mkono na bado anatakiwa kupeleka ripoti ya mwezi. Hao wakikata tamaa wanarudi kuumia, na chanzo kilikuwa kitu cha kurekebishwa kwa dakika moja.

Kabla ya yote: sema sentensi hiyo hiyo kwenye Notepad

Fungua Notepad, au programu yoyote ya maandishi matupu kwenye simu. Sema sentensi ile ile iliyoharibika kwenye lahajedwali, kwa mfano: "Akinyi wa Kondele ameleta omena gorogoro tatu." Kisha soma kilichoandikwa.

Ikiwa Notepad imeandika sawa na lahajedwali imeandika vibaya, acha kuhangaika na maikrofoni. Kosa liko kwenye seli, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inakuhusu. Ikiwa Notepad nayo imeandika vibaya, tatizo ni lugha uliyochagua, maikrofoni, kelele au mtandao. Ruka hadi sehemu ya maneno yasiyosikika. Ikiwa Notepad haikuandika chochote, anza na ruhusa za maikrofoni.

Kipimo hiki kinaokoa muda mwingi kuliko kingine chochote ninachokijua. Usikiruke hata kama una uhakika umeshajua kosa.

Umeongeza neno moja, maandishi yote ya zamani yametoweka

Hili ndilo linaloumiza watu kuliko yote. Mweka hazina wa chama ana seli yenye maelezo: "Amelipa nusu, atamalizia Ijumaa." Anabofya seli hiyo, anasema "ameongeza mia tano," na maelezo yote ya mwanzo yamekwenda. Anauliza, "Mwalimu, mimi nimeongeza tu, mbona mengine yamefutika?"

Jibu liko chini kabisa ya dirisha la Excel, upande wa kushoto, kwenye neno dogo ambalo wengi hawajawahi kulisoma. Likisomeka Ready, seli imechaguliwa tu, haijafunguliwa. Herufi ya kwanza itakayoingia, iwe ya kibodi au ya sauti, inafuta kila kitu kilichokuwemo. Likisomeka Enter, unaandika upya. Likisomeka Edit, uko ndani ya maandishi yaliyopo na unaweza kuongeza au kupunguza.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza neno kwa sauti, bonyeza F2 na uhakikishe neno limekuwa Edit. Kishale kitakaa mwisho wa maandishi, na hapo ndipo useme. Kama mikono haikuruhusu kubonyeza, programu za sauti kama Dragon na Voice Access ya Windows 11 zinapokea amri ya kubonyeza kitufe kwa sauti: "press F2". Kwenye Google Sheets ya kompyuta F2 inafanya kazi hiyo hiyo. Kwenye programu ya Sheets ya simu, gusa seli, kisha gusa ule mstari wa kuandikia ulio chini mpaka uone kishale kinametameta ndani ya maandishi, ndipo uguse maikrofoni ya kibodi.

Ukiona maandishi ya zamani yametoweka na bado hujabonyeza Enter, bonyeza Esc. Yanarudi yote. Ukiwa umeshabonyeza Enter, tumia Ctrl+Z mara moja, kabla ya kufanya jambo lingine.

Maneno hayo hayo matatu yanaeleza tatizo jingine linaloonekana tofauti kabisa: unasahihisha neno, kishale kinaruka na kwenda seli ya jirani. Katika hali ya Enter, vitufe vya mishale vinakutoa kwenye seli. Katika hali ya Edit, mishale hiyo hiyo inatembea ndani ya maandishi. Programu ya sauti inayotumia mishale kurudi nyuma na kurekebisha neno huwa inategemea kwamba iko ndani ya maandishi. Ikikuta hali ya Enter, sahihisho linaangukia seli nyingine. Ukiona masahihisho yanatua mahali pasipo pake, bonyeza F2 mara moja, tazama chini kushoto, kisha rudia.

Na amri ya "new line" usiitumie ndani ya seli. Programu nyingi zinaitekeleza kwa kubonyeza Enter, na Enter kwenye lahajedwali maana yake ni "nimemaliza, shuka chini". Ukitaka mstari mpya ndani ya seli moja kwenye Windows, kitufe ni Alt+Enter.

Nambari zimeandikwa kwa maneno, na jumla inaleta sufuri

Umesema "mia mbili hamsini" ukitarajia 250. Seli imeandika mia mbili hamsini, kwa herufi. Fomula ya SUM haihesabu maneno. Inayapita kama hayapo, bila onyo lolote. Karani anaweza kufunga hesabu ya siku akidhani mauzo yamepungua, kumbe mistari sita haikuhesabiwa.

Njia ya haraka ya kuyanasa maneno hayo ni kutazama upande yalikokaa. Seli ikiachwa bila mpangilio wa pekee, nambari husogea kulia na maandishi hukaa kushoto. Pitisha macho kwenye safu ya bei: chochote kilichoegemea kushoto ni maneno, au ni nambari iliyoingia kama maandishi. Ukitaka uhakika, linganisha =COUNT(C2:C60) na =COUNTA(C2:C60). Ya kwanza inahesabu nambari tu, ya pili inahesabu seli zote zenye kitu. Zikitofautiana, tofauti hiyo ndiyo idadi ya seli zenye matatizo.

Usikimbilie Find and Replace kubadilisha "mbili" kuwa 2 kwenye safu nzima. "Kumi na mbili" itageuka "kumi na 2", na sasa una kosa baya zaidi. Ukilazimika, weka alama kwenye Match entire cell contents ili ibadilishe seli zenye neno hilo peke yake.

Tatizo linazidi kwa sababu ya jinsi tunavyozungumza pesa. Sokoni Kibuye mtu atakwambia soo tatu, thao moja na finje, mbao. Programu haitakuandikia 300, 1050 na 20. Hata Kiswahili cha darasani kina utata: "elfu ishirini na tano" mmoja anaielewa kuwa 25,000 na mwingine 20,005. Vipimo navyo ni vile vile. "Gorogoro tatu na nusu" ni maandishi, hata kama tarakimu ikitokea, kwa kuwa neno gorogoro liko ndani ya seli moja na kiasi.

Msimamo wangu ni huu: maneno yaseme, nambari ziandike. Tenganisha safu. Jina, mahali na maelezo viingie kwa sauti. Kiasi na bei viingie kwa vidole, hata kidole kimoja, kwenye vitufe vya nambari. Kipimo kama gorogoro, debe au lita kikae kwenye safu yake, na kiasi kikae peke yake pembeni. Nimeona watu wakipinga mwanzoni kwa kuwa wanataka kusema kila kitu, lakini nambari tatu zinaandikwa upesi kuliko zinavyosemwa, zikakaguliwa na kusahihishwa.

Kwa asiyeweza kabisa kutumia vidole, weka lugha ya sauti kuwa Kiingereza unapofika safu za nambari. "Two hundred and fifty" na "eight point five" kwa kawaida huja kama 250 na 8.5. Kwenye Gboard, kibodi ya Google ya simu, lugha hiyo huchaguliwa ndani ya mipangilio ya kibodi, sehemu ya Voice typing.

Ukishamaliza, iache Excel ikusomee. Ina amri mbili ambazo haziko kwenye utepe wa kawaida: Speak Cells, inayosoma seli ulizochagua, na Speak Cells on Enter, inayosoma kila seli unapoifunga. Ingia File, Options, Quick Access Toolbar, chagua All Commands, uzitafute na kuziongeza. Sauti ni ya Kiingereza na itayavuruga majina ya kwetu, lakini nambari inazisoma vizuri, na wewe unafuatisha kwenye karatasi kwa kidole. Kwa mwenye macho hafifu, hii ni nusu ya kazi.

Sufuri ya mbele ya simu imepotea

Hapa sauti haina hatia hata kidogo. 0712 na tarakimu zinazofuata zinapoingia, Excel inaona nambari, na nambari haina haja ya sufuri ya mbele, kwa hiyo inaiondoa. Ukianza na +254, inaondoa alama ya kujumlisha, kisha inaweza kukuonyesha kitu kama 2.54712E+11 kwa sababu tarakimu zimefika 12.

Chagua safu nzima kabla ya kuanza kazi, ingia Format Cells, chagua Text. Ukifanya hivyo baada ya nambari kuingia, sufuri zilizopotea hazirudi zenyewe. Nambari zinazozidi tarakimu 15 zina hatari kubwa zaidi: Excel inageuza zote za baada ya ile ya 15 kuwa sufuri, na ulichoandika hakirudi tena hata ukibadilisha mpangilio.

Msimbo wa muamala wa M-Pesa, ule wa herufi na tarakimu 10, usiutaje kwa sauti kamwe. Unakili kutoka kwenye ujumbe na uubandike. Herufi moja ikikosewa huwezi kuutafuta tena.

Tarehe imegeuka, au saa haieleweki

Kompyuta nyingi zinanunuliwa zikiwa na mpangilio wa Marekani, ambako mwezi unatangulia siku. Ukiingiza 3/4 ukimaanisha tarehe tatu Aprili, inahifadhi tarehe nne Machi. Kosa hili linajificha siku 12 za kwanza za mwezi. Kuanzia tarehe 13 Excel inashindwa kuielewa na kuiacha kama maandishi, imeegemea kushoto. Kwa hiyo ukiona safu ya tarehe ambayo nusu iko kulia na nusu iko kushoto, usihangaike na zile za kushoto peke yake. Zile za kulia ndizo zilizobadilishwa kimyakimya.

Badilisha mpangilio wa eneo wa Windows uwe wa Kiingereza cha Kenya au cha Uingereza. Kwenye Sheets ingia File, Settings, Locale. Kwa kazi inayopita mikononi mwa watu wengi napendelea kuandika mwaka, mwezi, siku, kama 2025-04-03, kwa kuwa haitafsiriwi vingine.

Saa nayo: ukisema "saa mbili asubuhi" itaandika hivyo hivyo, kama maneno. Kama safu inahitaji kupangwa kwa saa, andika 8:00 kwa vidole.

Hesabu ya mahali inagawanyika ingawa majina yanafanana

Umehesabu safu ya makazi, na Kondele inatokea mara tatu kwenye orodha. Kwa macho zote ni moja. Kwa kompyuta si moja.

Programu ya sauti huacha nafasi baada ya neno ili neno linalofuata lisigande. Kwenye barua haionekani. Kwenye seli inabaki mkiani. Andika =LEN(B2) pembeni. Kondele ina herufi 7. Ukipata 8, kuna nafasi imejificha, mwanzoni au mwishoni. Kitu cha pili ni nukta: programu inayoweka alama za uakifishaji yenyewe inaweza kufunga kila unachosema kwa nukta, ukapata "Kondele." Kwenye Windows 11, ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na H, paneli ya sauti inayotokea ina gia ya mipangilio, humo zima Automatic punctuation unapofanya kazi ya lahajedwali.

Cha tatu kinatuhusu sisi kuliko watu wa mahali pengine. Majina kama Achieng', Ng'eno na Nyang'au yana kiapostrofi, na viapostrofi viko viwili: kilichonyooka, kinachotoka kwenye kibodi, na kilichopinda, ambacho baadhi ya programu na simu hukiweka ili maandishi yapendeze. Kompyuta inavihesabu kuwa herufi mbili tofauti. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na kumbukumbu mbili katika faili moja, na kila ukimtafuta unaona nusu ya historia yake.

Fomula hii inasafisha nafasi na viapostrofi kwa pamoja:

=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(8217),"'"),CHAR(160)," "))

Iweke kwenye safu mpya, ishushe hadi chini, nakili matokeo na uyabandike kama Values juu ya safu ya zamani. Nukta za mkiani ziondoe kwa Find and Replace, ukiwa umechagua safu hiyo peke yake ili usiharibu nukta za desimali kwingine.

Herufi kubwa na ndogo zisikusumbue. COUNTIF na VLOOKUP haziangalii ukubwa wa herufi, kwa hiyo kondele na Kondele zinahesabiwa pamoja. Kwa ajili ya sura tu, =PROPER(B2) itazirekebisha, ingawa Achieng' na wenzake uwakague baadaye, maana PROPER hufanya herufi inayofuata kiapostrofi kuwa kubwa na Ng'eno anakuwa Ng'Eno.

Umesema Manyatta, imeandika Manyatta B

Programu imesikia "Manyatta". Excel imekumbuka kwamba juu kidogo kwenye safu hiyo kuna Manyatta B, hakuna kingine kinachoanza hivyo, ikakukamilishia. Ukabonyeza Enter, likabaki. Kinachonitisha katika kosa hili ni kwamba halionekani kuwa kosa. Hakuna neno lililoandikwa vibaya. Kuna familia iliyohesabiwa kwenye wadi isiyo yake.

Ingia File, Options, Advanced, na uondoe alama kwenye Enable AutoComplete for cell values. Google Sheets ina kitu hicho hicho kwenye menyu ya Tools, kinaitwa Enable autocomplete.

Dawa ya kudumu ni kuweka orodha. Kwenye menyu ya Data, tumia Data Validation na utengeneze orodha ya makazi yanayokubalika: Nyalenda A, Nyalenda B, Manyatta B, Migosi, Kajulu na mengineyo. Chochote kitakachosemwa nje ya orodha kinakataliwa. Kumbuka tu kwamba Excel haikagui kilichobandikwa. Ukinakili kutoka kwingine na kubandika, kinaingia hata kama hakimo kwenye orodha.

Maneno yenyewe hayasikiki vizuri, hata kwenye Notepad

Anza na lugha. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017, na ukifungua Voice typing ndani ya Google Docs utaona Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania kikiwa tofauti. Chagua cha Kenya. Dragon haina Kiswahili. Ukiisemesha Kiswahili itakulazimishia maneno ya Kiingereza yanayokaribia sauti hiyo. Kwa kazi ya Kiswahili, Gboard kwenye simu au Google Docs kwenye Chrome ndizo ninazozielekeza kwanza. Google Sheets yenyewe haina menyu ya kuandika kwa sauti kwenye kompyuta, kwa hiyo usiitafute. Sema kwenye Docs, ndani ya jedwali lenye safu zinazolingana na faili yako, kisha nakili jedwali lote na ulibandike kwenye Sheets. Kila kisanduku kitaingia kwenye seli yake.

Chagua lugha moja kwa kila sentensi. Sisi tunachanganya Kiswahili, Kiingereza na Kidholuo au Kiluhya ndani ya pumzi moja, na wenzetu wanatuelewa. Programu iliyowekwa Kiswahili inajaribu kuifanya kila sauti iwe neno la Kiswahili. Majina ya samaki kama mbuta, ngege na kamongo yatavurugwa, kadhalika ya watu kama Nekesa na Wanjala kwa siku mbaya. Kwenye Dragon unaweza kuongeza maneno kwenye msamiati wake na kuyazoeza kwa sauti yako. Kwenye Gboard ongeza majina hayo kwenye kamusi ya binafsi kama njia ya mkato ya kuandika, au, bora zaidi, yaweke kwenye orodha ya kuchagua ili usilazimike kuyasema.

Maikrofoni: rekodi sauti yako kwa programu ya kurekodi, uisikilize. Ukijisikia mbali au kama uko ndani ya pipa, programu nayo inasikia hivyo. Vipokea sauti vya Bluetooth hushusha ubora wa sauti pale maikrofoni yake inapotumika, kwa hiyo vya waya, hata vya bei nafuu, mara nyingi vinashinda. Maikrofoni ikae pembeni mwa mdomo, upana wa vidole viwili, isipigwe na pumzi. Hakikisha pia kompyuta inatumia maikrofoni hiyo uliyochomeka, si ile iliyojengewa karibu na feni.

Kelele za huku zina majira yake. Kakamega na Kericho mvua hupiga mabati mchana wa alasiri, na chini ya mabati yasiyo na dari hakuna programu itakayokusikia. Kinu cha posho cha jirani, matatu zinazoita abiria na jenereta ni vivyo hivyo. Panga kazi ya kusema iwe asubuhi, na alasiri iwe ya kukagua na kuandika nambari. Pazia zito na godoro lililoegemezwa ukutani vinasaidia chumba chenye mwangwi kuliko kununua maikrofoni mpya.

Ikiwa hakuna kinachoandikwa kabisa, kwenye Windows ingia Settings, Privacy & security, Microphone, uone kama ruhusa imezimwa. Kwenye Chrome gusa alama iliyo kushoto mwa anwani ya ukurasa uone kama umewahi kukataa ruhusa. Kwenye simu, angalia ruhusa za Gboard.

Inaanza vizuri, kisha inakatika

Voice typing ya Google Docs huacha kusikiliza ukihamia kichupo au dirisha lingine. Ukienda kutazama orodha ya majina na kurudi, bofya maikrofoni tena. Ukinyamaza kwa muda, nayo inanyamaza. Soma mstari mzima kwenye karatasi kwanza, ndipo useme.

Sababu nyingine ni mtandao. Voice typing ya Google Docs na ile ya Windows ya kitufe cha Windows na H zinahitaji intaneti. Bando likiisha au mawimbi yakidhoofika zinakata katikati ya sentensi, na nusu iliyobaki haihifadhiwi popote. Mahali penye mtandao wa kubabaisha, Voice Access ya Windows 11 ikishapakua lugha yake inaendelea bila intaneti, ingawa si kwa Kiswahili.

Kwa wanaokusanya taarifa wakitembea nyumba kwa nyumba au ufukweni Dunga, ningeacha kabisa kusema moja kwa moja kwenye seli. Tengeneza Google Form. Kila swali lina sehemu yake, kishale hakirukiruki, na majibu yanajipanga yenyewe kwenye Sheets. Swali la kiasi liwekee sharti la kukubali nambari tu, na "kumi na mbili" itakataliwa hapo hapo mbele ya mtu aliyeitaja, ambaye bado unaweza kumuuliza.

Maelezo marefu yanasambaa kwenye mistari mingi

Umesema aya mbili kwenye Word au Docs, umenakili, umebandika kwenye seli, na sasa ziko kwenye mistari miwili. Ulibandika ukiwa kwenye Ready. Bonyeza F2 kwanza, kisha bandika. Yote yatakaa kwenye seli moja. Kwa watumiaji wa Dragon, Dictation Box inakuwezesha kusema na kusahihisha pembeni, kisha kuhamisha ukimaliza, na kwa maelezo ya zaidi ya sentensi mbili ndiyo njia salama.

Safu ambazo hazifai kusemwa

Huduma za sauti zinazotumia intaneti hutuma sauti yako kwenye seva za kampuni ili igeuzwe maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Kabla karani wa zahanati hajasema jina la mgonjwa na ugonjwa wake kwenye simu yake mwenyewe, msimamizi wake awe ameamua kama hilo linaruhusiwa, na kwa njia ipi. Kuna pia masikio yaliyo karibu zaidi: wanaongoja kwenye benchi nje ya mlango wanasikia kila neno. Safu ya matokeo ya vipimo, nambari ya kitambulisho na deni la mtu ziandikwe kwa vidole. Kama vidole haviwezi, tumia misimbo mifupi ambayo ofisi yenyewe imeiweka, na orodha ya maana zake ikae kwenye faili nyingine yenye nywila.